Uhai wa Mota za Ndege Nyuki: Kinachozichakaza na Namna ya Kuzitunza

Mpiga picha wa harusi anayesimama ufukweni na kuitazama ndege nyuki yake ikipaa juu ya maji aghalabu huwa na mawazo mawili: picha atakazozipata, na kiasi cha umeme kilichobaki katika betri. Ni nadra kuzifikiria mota nne zinazoibeba ndege hiyo angani, ambazo kila moja haizidi kizibo cha chupa ya soda kwa ukubwa. Hata hivyo, mota moja tu kati ya hizo ikigoma, chombo chaweza kuishia baharini au, jambo la kuhofiwa zaidi, vichwani mwa wageni walioalikwa.

Hofu hiyo si ya bure. Ndege nyingi ndogo zilizoingia sokoni tangu mwaka 2019 zina uzito wa gramu 249. Ndege ya uzito huo ikianguka kutoka kimo cha mita 50 huwa na nishati ya jouli 122 hivi, tukiacha kando kiasi kinachopunguzwa na ukinzani wa hewa. Nishati hiyo ni sawa na ya tofali la kilo 2.5 lililodondoshwa kutoka kimo cha mita 5.

Ndege yenye mabawa, injini yake ikizima, yaweza kuteleza hewani hadi ipate mahali pa kutua. Ndege nyuki ya mota nne haina mabawa ya kuiegemeza. Husimama hewani kwa sababu mota zake zinasukumana kwa mizani. Mwaka 2014 wataalamu Mark Mueller na Raffaello D'Andrea, wa chuo cha ETH huko Zurich, Uswisi, walionyesha kwamba chombo cha namna hiyo kinaweza kuongozwa hata kikipoteza mota moja au zaidi, mradi kiachwe kijizungushe chenyewe kama pia. Lakini huo ni ustadi ambao mwenye ndege ya kawaida ya dukani hawezi kuutegemea. Kwake yeye, uhai wa ndege ni uhai wa mota iliyo dhaifu kuliko zote. Ikiwa uwezekano wa mota moja kumaliza msimu bila hitilafu ni 95 kwa mia, uwezekano wa zote nne kumaliza salama ni 81 tu kwa mia.

Swali ambalo kila mnunuzi huuliza ni hili: mota hizi hudumu kwa saa ngapi? Jibu linategemea kwanza aina ya mota, na pili, kwa kiasi kikubwa zaidi, namna inavyotumiwa.

Aina mbili za mota

Ndege ndogo za bei nafuu hutumia mota za brashi. Ndani ya mota hizo, koili ya waya wa shaba huzunguka pamoja na shafti, na umeme huifikia kwa kupitia vibrashi vidogo vinavyosuguana nayo bila kukoma. Mfano ni ndege iitwayo Tello, iliyotoka mwaka 2018, yenye uzito wa gramu 80 na uwezo wa kuruka dakika 13 kwa betri moja. Mwingine ni Crazyflie, iliyobuniwa nchini Uswidi na kutumiwa sana katika vyuo vikuu, ambayo ina uzito wa gramu 27 na mota zenye kipenyo cha milimita 7. Katika mota za namna hii msuguano na cheche hula vibrashi kidogo kidogo, na uhai wake huhesabiwa kwa saa chache au makumi machache ya saa. Mota itakayodumu saa 10 katika ndege inayoruka dakika 13 itakuwa imemaliza uhai wake baada ya safari 46 hivi. Kuisafisha kwaweza kuzuia isife kabla ya wakati, lakini hakuwezi kurudisha vibrashi vilivyokwisha. Tena, kwa kuwa mota zote nne zimefanya kazi sawa, ya kwanza ikichoka nyingine haziko mbali.

Ndege za daraja la juu zaidi hutumia mota zisizo na brashi. Wazo hili lilielezwa na Wamarekani T. G. Wilson na P. H. Trickey mwaka 1962: badala ya brashi kugawa umeme, kazi hiyo hufanywa na vifaa vya kielektroniki. Koili hukaa tuli, na kinachozunguka ni kikombe chepesi kilichobandikwa sumaku kwa ndani. Sumaku zenyewe ni za neodimi, chuma na boroni, zilizogunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na Masato Sagawa nchini Japani na John Croat nchini Marekani, kila mmoja kwa njia yake. Nguvu zake kubwa katika umbo dogo ndizo zilizowezesha mota ya gramu chache kuinua mzigo unaoizidi yenyewe mara nyingi.

Katika mota hizi sehemu pekee inayosuguana ni beringi. Kwa hiyo, ikitunzwa vyema, mota ya aina hii hudumu kwa mamia ya saa, na mara nyingi huvuka uhai wa betri kadhaa. Lakini hufa mapema kwa sababu tatu: mtikisiko, joto na uchafu.

Mtikisiko

Beringi ni pete mbili zenye gololi ndogo katikati yake. Mwaka 1947, Waswidi Gustaf Lundberg na Arvid Palmgren walieleza kanuni ambayo hadi leo ni msingi wa kukadiria uhai wa beringi: mzigo juu ya beringi ya gololi ukiongezeka mara 2, uhai wake hupungua hadi sehemu moja ya 8.

Mzigo huo huongezeka vipi katika chombo chepesi kama hiki? Chukua pangaboi lililopata pengo dogo baada ya kugusa jiwe, likapoteza sehemu moja ya kumi ya gramu, mahali palipo sentimita 2 kutoka katikati. Likizunguka mara 9,000 kwa dakika, kasoro hiyo ndogo huvuta shafti kwa kani ya nyutoni 1.8, sawa na uzito wa gramu 180. Mzigo ambao kila mota huubeba ndege ya gramu 249 inaposimama hewani ni gramu 62 tu. Kasoro ambayo jicho huipuuza imeiongezea beringi mzigo unaokaribia mara 3 ya ule wa haki, tena mzigo unaozunguka na kupiga kila upande mara 150 kwa sekunde. Katika safari ya dakika 20, beringi hupata mapigo 180,000.

Hii ndiyo sababu pangaboi lililopasuka au kupata mapengo halifai kuungwa kwa gundi. Pangaboi ni kitu cha bei ndogo. Mota inayoharibiwa nalo si ya bei ndogo.

Joto

Umeme unapopita katika waya wa shaba huzaa joto, na joto hilo huongezeka kwa mraba wa mkondo. Mwenye ndege ya gramu 250 anayefunga juu yake taa au kifaa kingine cha gramu 50 ameongeza uzito kwa asilimia 20. Mkondo katika koili huongezeka kwa kiasi kama hicho, na joto huongezeka kwa asilimia 44. Zaidi ya hayo, shaba yenyewe ikipata joto ukinzani wake hupanda, kiasi cha asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, hivyo joto huzaa joto.

Vitu viwili huumia. Cha kwanza ni vanishi inayokinga waya mmoja usiguse mwenzake. Wahandisi wa umeme wana kanuni ya siku nyingi isemayo kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hupunguza uhai wa kinga hiyo kwa nusu. Cha pili ni sumaku. Sumaku ya neodimi ya daraja la kawaida huanza kupoteza nguvu zake inapovuka nyuzi 80. Madaraja ya gharama zaidi huvumilia nyuzi 120 au 150. Sumaku iliyodhoofika huilazimisha mota kula umeme mwingi zaidi ili kutoa nguvu ileile, nayo ikazidi kupata joto.

Hapa hali ya hewa ya nchi za joto ina neno lake. Tuseme mota, ikifanya kazi, hupata joto la nyuzi 50 juu ya hewa inayoizunguka. Katika hewa ya nyuzi 20 itafika 70. Ikirushwa adhuhuri ya Dar es Salaam, hewa ikiwa na nyuzi 33, itafika 83. Mota ni ileile na kazi ni ileile, lakini mpaka umevukwa.

Mchanga na chumvi

Mota isiyo na brashi huachwa wazi ili hewa ipite na kuipoza. Mlango huohuo huingiza vumbi. Ndani yake mna sumaku kali, na nafasi kati ya sumaku na koili ni sehemu ndogo tu ya milimita. Katika fukwe za Afrika Mashariki huonekana michirizi ya mchanga mweusi wenye madini ya chuma na titani. Huko Kwale, nchini Kenya, mchanga wenye madini ya namna hiyo ulichimbwa kibiashara hadi mwishoni mwa mwaka 2024. Chembe zenye chuma hurukia sumaku na kung'ang'ania hapo, zikikwaruza vanishi kila mzunguko. Nayo chumvi ya bahari hupenya katika beringi na kula chuma chake. Ndege iliyopaa mara moja kutoka mchangani inaweza kuchakaa kuliko iliyopaa mara nyingi kutoka juu ya mkeka.

Utunzaji

Dalili ya mvua ni mawingu, na mota nayo haifi bila dalili. Mwenye kuitunza hahitaji mitambo ya gharama; anahitaji masikio, vidole na daftari.

Kabla ya kuruka, betri ikiwa imetolewa, kila mota izungushwe taratibu kwa kidole na kulinganishwa na wenzake. Mota nzima huenda kwa hatua laini, kwa sababu ya mvuto wa sumaku. Hatua hizo ni za kawaida. Mkwaruzo kama wa mchanga chini ya kidole si wa kawaida. Kikombe kikicheza upande kwa upande, beringi imelegea au shafti imepinda.

Baada ya kutua, mota ziguswe kwa uangalifu. Mota moja ikiwa na joto kuliko nyingine tatu, ina kasoro yake au pangaboi lake. Zote zikiwa na joto ambalo kidole hakivumilii, chombo kipumzishwe kabla ya kutiwa betri nyingine. Sauti nayo isikilizwe: mlio mpya wa juu, au wa kukwaruza, ni habari.

Uchafu uondolewe kwa pampu ndogo ya mkono na brashi laini. Chembe zilizonaswa na sumaku hutolewa kwa ncha ya utepe wenye gundi. Hewa ya kujazia magurudumu haifai, kwani husukuma uchafu ndani ya beringi. Baada ya kuruka karibu na bahari, sehemu za nje zipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha zikaushwe. Nywele na nyuzi zilizojiviringisha kwenye shafti ziondolewe.

Kuhusu oili, mwongozo wa mtengenezaji ndio wa kufuatwa. Pale anaporuhusu, tone moja dogo la oili nyepesi ya mashine latosha. Mafuta ya kupikia huganda, na oili ikizidi hukusanya vumbi likawa tope. Fundi anayefunga mota atumie skrubu za urefu uleule wa awali. Skrubu ndefu kwa milimita moja yaweza kutoboa koili na kuichoma mara ya kwanza ndege inapowashwa.

Mwisho ni daftari. Tarehe, dakika za safari, mahali, pangaboi lililobadilishwa, mota iliyopata joto: mistari michache kama hii humpa mwenye ndege kipimo ambacho hakuna tangazo la biashara liwezalo kumpa, yaani uhai wa mota zake mwenyewe, katika hewa na mchanga wa kwake.

Marubani wa ndege kubwa hawapandi angani kabla ya kuizunguka ndege na kuikagua kwa macho na mikono. Ndege nyuki haina abiria, lakini chini yake kuna watu. Dakika 2 za kuzungusha mota kwa kidole kabla ya kuruka ni haki yao.