Chuchumaa na dambeli, miguu ikubebe!

Wangapi kati yetu tunakaa kwenye kiti cha ofisi kutwa nzima, tukitoka hapo ni siti ya daladala, tukifika nyumbani ni kochi na tivii? Halafu tunashangaa ngazi za ghorofa ya tatu zinatutoa jasho! Mimi nilishtuka nilipoona mama yangu mzazi hawezi tena kuinuka mkekani bila kushikwa mkono. Nikasema jamani, miguu hii naitaka inibebe mpaka uzeeni.

Zoezi tunalolipenda mimi na mume wangu ni kuchuchumaa huku umekumbatia dambeli kifuani. Aliyelipa umaarufu ni kocha Mmarekani, Dan John. Linafanyisha kazi mapaja, makalio, tumbo na mgongo kwa mpigo. Siri yake ni kwamba uzito ukiwa mbele unakusaidia kushuka bila kuanguka nyuma, huku tumbo na mgongo vikilazimika kukaza ili usiiname.

Haya, twende kazi!

Simamisha dambeli wima, viganja vyote viwili viishike chini ya kichwa chake cha juu, iguse kifua. Viwiko vitazame chini. Tanua miguu kiasi cha upana wa mabega au zaidi kidogo, vidole vitazame nje kidogo.

Vuta pumzi, kaza tumbo kama mtu anayesubiri kupigwa ngumi, kisha shuka taratibu. Magoti yafuate uelekeo wa vidole. Kifua juu, mgongo umenyooka, visigino chini. Mapaja yakilala sambamba na sakafu, panda kwa kusukuma sakafu kwa unyayo wote huku ukitoa pumzi. Usibane pumzi muda mrefu, maana hupandisha presha.

Makosa yanayoonekana sana ni matatu: magoti kuingia ndani, visigino kuinuka na mgongo kujipinda. Ukiona mojawapo, punguza uzito au ishia juu zaidi. Ukiwa mgeni, weka kigoda nyuma yako. Kiguse kwa makalio, halafu inuka.

Uzito je? Anza na kilo 4 hadi 8. Huna dambeli? Dumu la lita 5 lililojaa maji ni kama kilo 5, likumbatie hilohilo. Fanya mizunguko 3, kila mmoja mara 8 hadi 10, ukipumzika dakika moja na nusu katikati. Ukiweza mara 12 bila mwili kuyumba, ongeza uzito kidogo.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa 2020, linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki. Sisi tumechagua Jumanne na Ijumaa. Mimi namtazama magoti, yeye ananitazama mgongo. Sharti letu ni kurekebishana kwa upole, maana ukimkejeli mwenzio leo, Ijumaa atakwambia amechoka!

Maumivu makali ya goti au kiuno yakikujia, acha mara moja. Kama ni mjamzito, una presha au uliwahi kuumia mgongo, muone daktari kwanza.

Basi mpenzi msomaji, usisubiri Januari. Mwite mwenzi wako, sogezeni meza ya sebuleni, anzeni leo na mara nane tu.