Sekondari za Kata: Jedwali la Matokeo Linasema Nini?

Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne Januari 2023, orodha ya shule kumi bora na wanafunzi kumi bora haikuwamo. Baraza liliamua kuacha kuzishindanisha shule ambazo wanafunzi wake hawasomi katika mazingira yanayofanana. Orodha ikaondoka, ushindani ukabaki. Matokeo ya kila shule bado yanawekwa kwenye tovuti ya Baraza, na mzazi mwenye simu hufungua ya sekondari ya kata yake, kisha ya kata jirani, akaanza kupanga mwenyewe ya kwanza na ya mwisho.

Ana sababu ya kuhangaika. Sekondari nyingi za kata zilizaliwa na mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulioanza 2004, wananchi wakichangia mawe, mchanga na nguvu zao. Majengo yalitangulia, walimu wakafuata polepole. Matokeo ya mtihani wa 2012 yalipotoka, watahiniwa wapatao sita katika kila kumi walikuwa wamepata divisheni sifuri. Serikali iliunda tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Kisha ada ikaondolewa kuanzia Januari 2016, na madarasa yakafurika.

Sasa turudi kwenye jedwali lenyewe, maana ndipo wazazi wengi hupotea. Divisheni hukokotolewa kwa masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi: A ni pointi moja, F ni tano. Pointi 7 hadi 17 ni divisheni ya kwanza. 26 hadi 33 ni ya nne. 34 na 35 ni sifuri. Mwanafunzi mwenye D mbili na F tano ana pointi 33. Amepata divisheni ya nne na anahesabiwa kuwa amefaulu, ingawa kidato cha tano hataingia, kwa kuwa huko hutakiwa angalau C tatu. Kwa hiyo shule inayojivunia kwamba karibu wote wamefaulu inaweza kuwa imejaza divisheni ya nne tupu. Na ile GPA, yaani wastani wa ufaulu wa shule, husomwa kinyume na mazoea: iliyo ndogo ndiyo nzuri.

Chini ya ukurasa huohuo kuna sehemu ambayo wachache huifikia, nayo ina thamani kuliko zote: matokeo ya somo kwa somo. Hisabati ndipo wengi huangukia, nchi nzima, miaka nenda miaka rudi. Shule ya kata ambayo hisabati yake inapanda kila mwaka, hata kidogo, ina mwalimu anayefundisha kwelikweli. Shule yenye watahiniwa 120 ambamo fizikia wamefanya wanane tu inapaswa kuulizwa kama ina mwalimu wa fizikia na kama maabara yake ina vifaa au ni chumba chenye meza tu.

Lakini jedwali huonyesha waliofika kidato cha nne tu. Tuseme shule moja ilikuwa na watahiniwa 160 kwenye upimaji wa kidato cha pili, na miaka miwili baadaye wanafanya mtihani 90. Jirani yake ilikuwa na 150, wakafika 140. Ya kwanza ina sifuri chache, na mtaani inasifiwa. Wale 70 wako wapi? Baadhi wamekariri darasa, wengine wamehama. Waliobaki pengine wako machimboni, wako sokoni, au ni wasichana waliopata ujauzito na hawakurudi, ingawa tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi waliojifungua warejee shuleni. Shule inayopoteza watoto wengi hivyo haiwezi kuitwa bora, hata ikiwa na divisheni ya kwanza ishirini. Matokeo ya kidato cha pili pia yako wazi, kwa hiyo hesabu hii mzazi yeyote anaweza kuifanya.

Si haki, vilevile, kuipima sekondari ya kata kwa kipimo cha Ilboru, Kibaha, Mzumbe au Kilakala. Shule hizo hupokea watoto waliofanya vizuri sana darasa la saba; ya kata hupokea waliobaki. Ilinganishwe na sekondari nyingine za kata, na kwa miaka mitatu au minne, kwa sababu katika shule ndogo uhamisho wa mwalimu mmoja unaweza kugeuza matokeo ya mwaka mzima.

Yaliyosalia yanataka kwenda kwa miguu. Mtoto anatembea kilomita ngapi? Anakula nini mchana? Ada imefutwa, lakini makande ya shule ya kutwa yametegemea michango ya wazazi, na mtoto aliyeamka saa kumi na moja alfajiri hawezi kuelewa kemia saa nane mchana akiwa na njaa. Wanafanya nini na kidato cha kwanza wiki za mwanzo, watoto waliosoma miaka saba kwa Kiswahili wanapokutana ghafla na vitabu vya Kiingereza? Mkuu wa shule mzuri hujibu maswali haya bila kukunja uso.

Kwa kweli wazazi wengi hawachagui; TAMISEMI, yaani ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, ndiyo inayompangia mtoto shule, na uhamisho au shule binafsi si kwa kila mfuko. Ndiyo maana ulinganishaji huu una kazi kubwa zaidi kwenye kikao cha wazazi kuliko kwenye fomu ya uhamisho. Mwaka 2027, kwa mujibu wa mtaala mpya, darasa la sita na la saba watamaliza elimu ya msingi kwa pamoja, na makundi yote mawili yatahitaji kidato cha kwanza. Kata ambayo leo ina mwalimu mmoja wa hisabati inahitaji kudai wa pili kabla wimbi hilo halijafika, na jedwali la somo kwa somo ndilo ushahidi wa kupeleka halmashauri.