Macho yakiwasha baada ya gemu

Katikati ya Nairobi hadi Kangemi, vijana hubishana: Tetris ya 1984 na gemu mpya za kandanda, ipi tamu zaidi? Msomaji, kwa macho yako tofauti ni ndogo. Anayekodolea kioo husahau kupepesa. Machozi hukauka, macho yakawasha na kuona ukungu. Kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho mita 6 mbali kwa sekunde 20. (Kibanda kikiwa kidogo, toka nje.)

Mwanao akiacha masomo, usingizi na chakula kwa ajili ya gemu, usimcharaze. Mpeleke kwa daktari. Shirika la Afya Duniani lilikubali 2019 kuorodhesha uraibu huo kuwa ugonjwa, na orodha hiyo ikaanza kutumika Januari 2022.