Saini Siyo Grisi: Ukaguzi wa Matengenezo ya Ndege

Waungwana, neno letu "ukaguzi" limebebeshwa kazi mbili. Kuna anayeikagua ndege yenyewe, na kuna mkaguzi wa ubora, ambaye huwakagua hao wakaguzi: je, kazi iliyotiwa saini ilifanywa kweli kama kitabu kinavyotaka?

Hapa Washington FAA husimamia kanuni, na NTSB, pale L'Enfant Plaza, huchunguza ajali. Desemba 2002 NTSB ilitoa ripoti ya Alaska Airlines 261, ndege iliyoanguka baharini karibu na California Januari 31, 2000. Watu wote 88 walikufa. Nati ya ile skrubu kubwa inayopandisha na kushusha bawa la mkia ililika kwa kukosa grisi. Lakini makaratasi yalisema grisi ilipakwa Septemba 1999! Muda kati ya mpako na mpako ulikuwa umerefushwa kidogo kidogo hadi miezi 8, kwa idhini ya FAA yenyewe. Fundi alieleza kwamba kazi ile huchukua kama saa moja. Mtengenezaji alikadiria saa 4. Tofauti ya namna hiyo haionekani kwenye saini. Ni lazima mkaguzi aende kusimama pembeni, fundi akipaka.

Na kwa mashirika ya kwetu je? FAA hupima kwanza mamlaka ya anga ya nchi, siyo ndege moja moja. Kenya ilipata Daraja la 1 Februari 2017, na Oktoba 28, 2018 Kenya Airways ikaanza safari za moja kwa moja kwenda New York.