Kuziba jino kwa dawa nyeupe: ujue unawekewa nini

Wengi wetu jino likitoboka hungoja mpaka maumivu yazuie usingizi ndipo twende kwa daktari. Hapo mara nyingi uozo umeshafika kwenye kiini chenye mishipa ya fahamu, na mgonjwa hubaki kuchagua kati ya kutibiwa mzizi kwa gharama kubwa au kung'olewa jino. Likiwahiwa mapema, jino hilo hilo lingezibwa na kutumika kwa miaka mingi.

Siku hizi ukienda kuziba jino utaambiwa utawekewa "dawa nyeupe", yenye rangi ya jino. Tatizo ni kwamba dawa nyeupe si moja. Ziko aina kuu mbili, na bei, nguvu na matumizi yake vinatofautiana. Asiyejua huweza kulipa pesa nyingi pasipo haja, au kuwekewa dawa dhaifu kwenye gego la kutafunia, nayo ikang'oka mapema.

Kwa nini ile ya rangi ya fedha inaachwa?

Kwa zaidi ya miaka 150 meno yalizibwa kwa amalgamu, yaani zebaki iliyochanganywa na fedha, bati na shaba. Ni ngumu na haina gharama kubwa, lakini zebaki ni sumu kwa mazingira. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulizitaka nchi zipunguze matumizi yake. Mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana kuizuia, au kushauri isitumike, kwa meno ya utoto, kwa walio chini ya miaka 15, na kwa wajawazito na wanaonyonyesha. Hata hivyo, kama unayo jinoni na ni nzima, usikimbilie kuitoa. Kuichonga ndiko hutoa mvuke wa zebaki kwa wingi.

Kompoziti

Hii ni aina ya plastiki ngumu iliyochanganywa na chembechembe za kioo. Msingi wake uliwekwa na Rafael Bowen wa Marekani, miaka ya 1960. Daktari hupaka asidi nyepesi kwenye jino, kisha gundi, halafu huweka dawa tabaka kwa tabaka na kuimulika kwa taa ya mwanga wa buluu mpaka igande.

Faida yake ni nguvu na sura. Hufaa meno ya mbele, na hufaa magego pia. Udhaifu wake ni kwamba haitaki unyevu. Mate au damu ya ufizi vikiingia wakati wa kazi, gundi haishiki vizuri. Pia hunywea kidogo inapoganda, na kama haikuwekwa kwa uangalifu huacha upenyo ambamo uozo huanza tena. Kazi yake huchukua muda, na bei yake huwa ya juu.

Glasi ayonoma

Hii ni saruji ya unga wa kioo na maji ya asidi, iliyobuniwa London na Alan Wilson na Brian Kent, na kutangazwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hujishikiza yenyewe kwenye jino bila gundi, huvumilia unyevu zaidi kuliko kompoziti, na hutoa madini ya floraidi yanayosaidia kulinda jino. Lakini hulika na kuvunjika upesi zaidi, hasa katika tundu kubwa la gego.

Dawa hii ina historia na Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha njia ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono tu, bila umeme wala mashine, kisha kuziba jino. Baadaye glasi ayonoma ikawa ndiyo dawa kuu ya njia hiyo, ambayo leo inajulikana duniani kote. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza glasi ayonoma katika orodha yake ya dawa muhimu.

Ipi kwa jino lipi?

Kwa meno ya utoto, kwa mtoto asiyetulia kitini, na kwa matundu ya shingo ya jino karibu na ufizi, glasi ayonoma mara nyingi inatosha. Kwa jino la mbele la mtu mzima, au gego la kudumu linalotafuna, kompoziti ndiyo hupewa nafasi kwanza, mradi jino liweze kukaushwa.

Kabla hujafungua kinywa, muulize daktari: dawa hii ni ipi? Kwa nini umeichagua kwa jino hili? Uozo umefika wapi? Nikae muda gani bila kutafuna? Daktari mwema hatachukizwa.

Saumu na josho

Wapo wanaoahirisha matibabu mpaka Ramadhani iishe, na huku jino linaendelea kuoza. Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Jiddah liliamua mwaka 1997 kwamba kuchonga jino hakufunguzi saumu, mradi mtu ajizuie kumeza kinachofika kooni. Mwenye wasiwasi na aombe miadi ya usiku. Ama josho, katika madhehebu ya Shafi kusukutua ni sunna, hivyo jino lililozibwa halileti mushkeli. Wa madhehebu mengine na amuulize sheikh wake.

Mwisho, hakuna dawa inayodumu katika kinywa kichafu. Piga mswaki kwa dawa yenye floraidi asubuhi na kabla ya kulala, na upunguze sukari. Leo hii, watazame watoto wako meno. Ukiona doa jeusi au tundu dogo lisilouma, mpeleke mtoto wiki hii, usingoje aanze kulia usiku.