Fedha Kabla ya Masika: Utangulizi

Kuna taaluma inayochunguza jambo moja: mkulima maskini akikabidhiwa fedha taslimu, aziamulie mwenyewe, maisha yake hubadilika vipi? Wengi huingia humu wakihofia kwamba fedha hizo zitaishia kilabuni. Hofu hiyo imepimwa. Kati ya 2011 na 2013, shirika la GiveDirectly lilizitumia familia za Rarieda, kaunti ya Siaya, fedha kwa M-Pesa, na wachumi Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro wakazilinganisha na familia ambazo hazikupata. Ulevi haukuongezeka. Kilichoongezeka ni chakula, mifugo na mabati. Shapiro alikuwa mmoja wa waasisi wa shirika hilo, na msomaji makini hatalipuuza jambo hili. Lakini David Evans na Anna Popova, walipokusanya tafiti za mabara kadhaa, walifikia jibu lilo hilo.

Tusikawie hapo. Swali zito zaidi, kwa maoni yangu, ni la majira: fedha zinafika lini?

Tazama Kieni, upande mkavu wa Nyeri kati ya Mlima Kenya na Nyandarua, mbali na chai ya Othaya. Familia yenye nusu ekari ya mahindi, maharagwe na viazi huweza kumaliza akiba yake kabla ya mvua za Machi. Mvua ikinyesha, shamba linadai jembe, na watoto wanadai ugali jioni. Baba na mama wanakwenda kibarua kwa jirani mwenye uwezo, wanalipwa siku hiyo hiyo, wanapitia dukani kununua unga. Shamba lao wenyewe linapandwa wiki mbili baadaye, bila mbolea, na mahindi yanakutwa na kiangazi kabla ya kukomaa. Msimu unaofuata, ghala ni tupu mapema zaidi. Halafu tunawaita wavivu watu waliolima kutwa!

Günther Fink, Kelsey Jack na Felix Masiye walilichunguza jambo hili mashariki mwa Zambia. Familia zilizopewa mkopo katika miezi ya njaa zilipunguza vibarua, zikashughulikia mashamba yao, na mavuno yakaongezeka. Hata ujira wa vibarua ulipanda, kwa kuwa wanaotafuta kibarua kwa sababu ya njaa walipungua. Ule ulikuwa mkopo, si msaada, lakini somo la majira linabaki.

Huku kwetu Kenya, fedha za msaada za serikali zinajulikana kwa jina la Inua Jamii: shilingi 2,000 kwa mwezi, na tangu 2018 zinawafikia pia wazee waliotimiza miaka 70 wasio na pensheni. Mara nyingi malipo huchelewa, yakaja ya miezi kadhaa pamoja. Nyanya akipata 4,000 mwishoni mwa Februari, nyumba yake inaweza kununua mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku, uliouzwa 2,500 tangu 2023, na ikabaki ya unga wa siku za kupanda. Fedha zizo hizo zikifika Juni, zinalipa deni la dukani. Kiasi ni kile kile; mavuno yamekwisha kupotea. Ndiyo maana ninaona kuchelewesha malipo haya ni kuyapunguza.

Fedha, hata hivyo, haziongezi ardhi. Vipande vya Nyeri viliunganishwa na kupimwa miaka ya 1950, chini ya mpango wa serikali ya kikoloni ulioitwa wa Swynnerton, na katikati ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali hiyo. Tangu hapo urithi umevigawanya tena na tena. Kwa familia iliyobaki na robo ekari, huenda fedha zikafaa zaidi kwa kuku, cherehani au kibanda sokoni Karatina kuliko kwa mbegu. Wao ndio wanaojua, na sura zinazofuata zinaanza kwa kuwasikiliza.