Killmonger Alikuwa na Haki Gani?

Jumamosi moja ya muhula huu, baada ya chakula cha jioni, tulionyeshwa bwaloni picha ya sinema iitwayo Black Panther. Wengi wetu tulikwisha kuiona nyumbani siku za likizo, kwa maana ilitoka mwaka 2018, tulipokuwa bado shule ya msingi. Lakini safari hii Mwalimu wetu wa Historia alituambia tuitazame kwa makini, kwa sababu Jumamosi iliyofuata Chama cha Majadiliano kingejadili hoja hii: "Killmonger alikuwa na haki kuliko Mfalme T'Challa."

Mimi niliteuliwa kuwa msemaji wa kwanza wa upande wa kuunga mkono. Kwa kweli sikupenda. Nani apendaye kumtetea muuaji mbele ya shule nzima? Lakini katika chama chetu msemaji hachagui upande. Basi nikachukua daftari langu nikaanza kufikiri. Sasa Mhariri ameniomba niwaeleze wasomaji, na hasa wazazi ambao hawakuiona picha hiyo, jinsi mjadala ulivyokwenda na mambo niliyojifunza.

Kwanza nieleze kisa chenyewe kwa ufupi. Wakanda ni nchi ya kubuniwa iliyoko Afrika. Ina madini ya ajabu yaitwayo vibranium, nayo kwa madini hayo imepata elimu na silaha kuwapita watu wote wa dunia; lakini imejificha, na mataifa mengine huidhani nchi maskini ya wachungaji. Mfalme wake hunywa dawa ya mmea fulani, akapata nguvu zipitazo za binadamu, akaitwa Chui Mweusi. Hadithi za Chui huyo zilianza katika vitabu vya katuni vya Marekani mwaka 1966, zikitungwa na Stan Lee na Jack Kirby. Picha ya sinema iliongozwa na Ryan Coogler. Mfalme T'Challa aliigizwa na marehemu Chadwick Boseman, aliyefariki mwaka 2020. Killmonger aliigizwa na Michael B. Jordan, na Nakia, mpelelezi wa Wakanda apendwaye na mfalme, aliigizwa na Mkenya Lupita Nyong'o.

Mwaka 1992, katika mji wa Oakland huko Marekani, aliishi mwana wa mfalme wa Wakanda jina lake N'Jobu. Alikuwa ametumwa kupeleleza. Lakini alipoona jinsi watu weusi wa huko wanavyoteswa na kufungwa, moyo wake ukageuka, akataka wapewe silaha za Wakanda wajikomboe. Akamsaidia mwizi mmoja, Klaue, kuiba vibranium. Ndugu yake, Mfalme T'Chaka, alipopata habari alikwenda Oakland kumkamata. Ugomvi ukazuka, N'Jobu akatoa bastola, na mfalme akamwua ndugu yake mwenyewe. Kisha akarudi kwao, akaificha habari hiyo, na akamwacha huko mtoto mdogo wa marehemu. Mtoto huyo ndiye aliyekuwa Killmonger. Alisoma sana, akawa askari, akaua watu wengi, na kila aliyemwua alijichanja alama mwilini. Mwishowe akaenda Wakanda kudai kiti cha enzi, ambacho wakati huo kilikuwa cha T'Challa, mwana wa T'Chaka.

Nilipoanza kuandika hotuba yangu niliona kwamba katika picha hii adui si mmoja, na kila mmoja ana nia yake. Klaue ni mtu wa fedha tu. Ukimlipa zaidi atakwenda kwingine. Nia yake ni nyepesi, na ndiyo maana hakuna aliyemjadili. W'Kabi, rafiki wa T'Challa, si mwizi wala si mlafi. Wazazi wake waliuawa na Klaue, na Mfalme T'Chaka hakumkamata mwuaji huyo kwa miaka thelathini. T'Challa naye akamkosa. Killmonger akaileta maiti ya Klaue mpakani, naye W'Kabi akamfuata. Hapa tunajifunza kwamba mtu mwema aweza kwenda upande mbaya kwa sababu tu upande mwema ulimchelewesha.

Na Killmonger? Kwa hesabu yangu ana nia tatu zilizosukwa pamoja kama ukili. Ya kwanza ni kisasi cha baba yake. Ya pili ni haki ya watu weusi waliotupwa mbali na Afrika, ambao Wakanda iliwatazama kwa muda wa karne nyingi bila kunyosha mkono. Ya tatu ni kutaka kutawala. Katika hotuba yangu nilizitetea mbili za kwanza, na ile ya tatu nikaipita kimya. Nilisema hivi: ikiwa jirani yako anapigwa kila usiku, nawe una rungu na mlango umefunga, je, wewe ni mtu mwema kwa sababu hukumpiga? Watu wakashangilia. Nikasema pia kwamba mtoto yule hakujiumba mwenyewe. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu; na ulimwengu uliomfunza Killmonger ulimfunza vita. Nikamaliza kwa kuwakumbusha maneno yake wakati wa kufa, alipoomba atupwe baharini pamoja na wazee wake waliojirusha kutoka merikebuni, kwa kuwa walijua kifo ni bora kuliko utumwa. Bwalo zima likanyamaza. Nikaketi nikijua nimeshinda.

Msemaji wa upande wa kupinga hakuyakana mateso hayo. Aliuliza tu, "Ni nani waliokufa kwa mkono wake?" Akawahesabu: msichana aliyekuwa mpenzi wake, aliyemwua ili apate njia ya kumfikia Klaue, mzee Zuri, aliyejitolea kulipa damu ya baba yake, kisha akamtaja mama mzee wa bustani, ambaye hakuuawa lakini alikabwa koo kwa kuchelewa kutii. Akasema, "Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mtu huyu aliulilia mkuki ulipomchoma baba yake, kisha akawachoma baba za wenzake." Nikajibu kwamba vita vina majeraha yake. Jibu langu halikunipendeza hata mimi mwenyewe.

Ndipo aliposimama mwanafunzi wa kidato cha pili, mdogo wa umbo, akamwomba Mwenyekiti ruhusa ya kuuliza. Akasema, "Ndugu msemaji, alipokwisha kunywa ile dawa na kuwa mfalme, kwa nini aliamuru bustani ya mmea ule ichomwe moto?"

Sikuwa na jibu. Nimelifikiri swali hilo tangu siku ile, na naona ndilo kiini cha jambo lote. Kama nia yake ilikuwa haki tu, mmea ule haukumzuia kitu. Aliuchoma ili asitokee mwingine wa kumshinda, wala wa kumrithi. Mtu atakaye wote wapande hachomi ngazi aliyopandia yeye. Na alipotaka kupeleka silaha kwa wapelelezi wa Wakanda huko London, New York na Hong Kong, hakusema watu wale watakuwa huru na kujitawala. Alijigamba kwamba dola ya Wakanda itakuwa dola ambayo jua halichwi juu yake. Majigambo hayo ni yale yale waliyokuwa nayo Waingereza juu ya dola yao. Alijifunza sana kwa watawala wale aliowachukia, hata akawa mwanafunzi wao bora.

Lakini nisimlaumu yeye peke yake, kwa maana yafaa tuitazame na sheria ya nchi yenyewe. Wakanda, kwa elimu yake yote, ilimpa enzi mtu yeyote wa ukoo wa kifalme au wa makabila yake ambaye angemshinda mfalme kwa kupigana majini, penye maporomoko. Siku moja ya kupigana ilitosha kumkabidhi mtu mmoja jeshi, silaha na hazina. Okoye, jemadari wa askari wanawake, alimwona mfalme mpya kuwa hatari, lakini alibaki kumtumikia kwa sababu kiapo chake kilikuwa kwa kiti, si kwa mtu. Aligeuka T'Challa aliporudi akiwa hai na kusema mapigano hayajaisha, maana hakufa wala hakukubali kushindwa. Na Killmonger akaikataa sheria ile ile iliyompa ufalme. Hapo Okoye alijua kwamba kiti hakina tena mwenye haki.

Tena tumlinganishe na T'Challa. Naye alipopigana na M'Baku wa kabila la Wajabari alikuwa amekwisha kumshinda, lakini alimsihi akubali kushindwa ili abaki hai kwa ajili ya watu wake. Baadaye ni watu wa M'Baku waliomwokota T'Challa mtoni akiwa karibu kufa. Na katika njozi yake alimkabili baba yake na wafalme wote waliomtangulia, akawaambia kwamba walikosea kuipa dunia kisogo. Ndiyo kusema kwamba alimpiga adui, lakini neno la kweli katika maneno ya adui alilikubali. Picha inaisha akifungua kituo cha kusaidia watu huko Oakland, mahali pale pale alipouawa N'Jobu.

Kura zilipigwa, nasi tukashindwa kwa kura tisa.

Ningeweza kukomea hapo, lakini jambo moja lilitokea usiku ule ambalo sina budi kulisema. Nilipokuwa kidato cha kwanza, wakubwa walitutuma maji. Bomba li mbali na bweni, na mara nyingi nililala mikono ikiuma, na sabuni yangu imechukuliwa. Nililia kwa siri, nikajiapia kwamba nikifika kidato cha nne, zamu yangu itakuwa imefika.

Basi nilipotoka bwaloni, nikiwaza juu ya swali la bustani, nilikutana na kijana wa kidato cha kwanza amebeba ndoo mbili. Akaziweka chini, akasema, "Shikamoo, kaka." Nikamwuliza kwa ukali, kana kwamba mimi ni mtetezi wake, "Nani amekutuma usiku huu?" Akanitazama kwa woga akajibu, "Kaka, si wewe uliniambia kila Jumamosi?"

Nilikuwa nimesahau. Ndoo moja ilikuwa yake, na ya pili ilikuwa yangu, jina langu limeandikwa ubavuni kwa rangi nyekundu.

Niliichukua nikaibeba mwenyewe, na Jumamosi zilizofuata nimeibeba mwenyewe. Sisemi hivyo ili nisifiwe. Ndoo moja haiondoi desturi, na wenzangu wengine wanacheka. Wanasema, "Sisi tulibeba, kwa nini wao wasibebe?" Hoja hiyo naifahamu vizuri, kwa maana niliitetea mbele ya shule nzima na nusura ishinde. Sisi wa kidato cha nne tutaondoka hivi karibuni. Nawaomba ndugu wa kidato cha tatu, watakaoachiwa mabweni haya, wajadili jambo hili kabla zamu yao haijafika.